Hukumu ya kunyongwa kwa mauaji ya kijijini: rufaa inasikilizwa juu ya nini?

Swali: Wakili, shikamoo. Kaka yangu ametiwa hatiani na Mahakama Kuu kwa kumuua jirani yetu kijijini na amehukumiwa kunyongwa hadi kufa. Marehemu alikatwa panga mara tatu, kichwani na shingoni, usiku, mlangoni pa nyumba yake. Mjane alisema alimtambua kaka kwa mwanga wa taa ya sola, na kwamba walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba. Polisi walitoa maelezo ya onyo ya kukiri kosa (kauli ya mtuhumiwa inayoandikwa na polisi baada ya kumwonya), yaliyoandikwa siku mbili baada ya kaka kukamatwa, ambayo yeye anasema aliwekeshwa dole gumba baada ya kipigo, pamoja na panga lililokutwa jikoni kwa mama. Kaka alijitetea kwamba usiku ule alikuwa msibani kijiji cha pili, lakini hakuna shahidi wa msibani aliyeitwa. Leo ni siku ya 22 tangu hukumu. Wakili aliyepangiwa na mahakama hatumpati tena. Wazee wa ukoo wanataka tuwapeleke mahakamani watu waliokuwa naye msibani, na wengine wanasema tumfuate mjane tuzungumze naye. Je, rufaa bado ipo, na inaweza kumtoa?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na poleni sana nyumbani. Naanza na lile lisiloweza kusubiri hata juma moja. Rufaa bado ipo, kwa kuwa kaka yako ana siku 30 tangu tarehe ya hukumu za kutoa notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania, na kwa hesabu yako zimebaki siku nane. Notisi hiyo ni karatasi fupi inayotaja jina lake kama lilivyoandikwa kwenye hukumu, namba ya kesi, Mahakama Kuu iliyomhukumu, tarehe ya hukumu, kosa na adhabu, na kwamba anapinga kutiwa hatiani pamoja na adhabu. Haihitaji hoja yoyote. Hata hivyo, katika mashauri ya jinai karatasi hiyo ndiyo inayoifungua rufaa yenyewe, kwa hiyo ikikosekana, au ikiwa na tarehe au jina lisilolingana na hukumu, hoja nzuri zitakazoandikwa baadaye huweza kukosa pa kusimama.

Kwa kuwa yuko gerezani, hana haja ya kukusubiri wewe wala kumsubiri wakili. Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 zinamruhusu mfungwa kujaza fomu na kuikabidhi kwa mkuu wa gereza, na akishaikabidhi ndani ya muda anahesabiwa kuwa ametimiza wajibu wake. Inawezekana kabisa kwamba ameshafanya hivyo. Nenda kamwone kesho, umuulize ni tarehe gani aliweka dole gumba kwenye notisi, kisha uombe kwa adabu katika ofisi ya gereza uoneshwe nakala iliyogongwa muhuri. Ikiwa bado, ifanyike mbele yako siku hiyo hiyo. Iwapo kwa bahati mbaya siku 30 zitapita, mlango haujafungwa moja kwa moja, kwa sababu anaweza kuiomba Mahakama Kuu imwongezee muda kwa maombi yanayoambatana na hati ya kiapo. Lakini huko atatakiwa kutoa sababu ya msingi na kueleza siku zote alizochelewa, na nimeona watu wakitumia mwaka mzima kuuomba muda ambao walikuwa nao mkononi bila gharama yoyote.

Baada ya notisi, kazi ya kuandaa kumbukumbu ya rufaa, yaani maandishi yote ya kesi, ni ya Msajili wa Mahakama Kuu, na huweza kuchukua miezi mingi, wakati mwingine miaka. Kaka yako atakapokabidhiwa kumbukumbu hiyo atakuwa na siku 21 za kuwasilisha sababu za rufaa. Muda wote huo atabaki gerezani, lakini adhabu haitekelezwi rufaa ikiwa haijaamuliwa, na unaweza kumtuliza mama kwa hilo na kwa jingine pia: tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna hukumu ya kunyongwa iliyotekelezwa nchini. Kuhusu wakili, mrufani aliyehukumiwa kifo hupangiwa wakili kwa gharama ya Serikali katika Mahakama ya Rufani, na si lazima awe yule aliyemtetea mwanzo. Mkipata uwezo wa kuweka wenu, anaweza kuongeza sababu za rufaa juu ya zile alizoziandika kaka mwenyewe gerezani.

Sasa niingie kwenye moyo wa swali lako, kwa sababu barua yako, pamoja na mapendekezo ya wazee, inaonesha mnaitazama rufaa kama kesi ya pili. Majaji watatu watakaoisikiliza hawatamwona mjane, hawatalishika panga, wala hawatafika kijijini kuangalia ule mlango. Mbele yao patakuwa na maandishi tu: maneno ya kila shahidi kama jaji alivyoyaandika, vielelezo vilivyopokelewa, maamuzi madogo yaliyotolewa njiani, na hukumu. Kwa kuwa Mahakama Kuu ndiyo iliyoisikiliza kesi kwa mara ya kwanza, rufaa yenu ni rufaa ya kwanza, na katika rufaa ya kwanza Mahakama ya Rufani ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote, na inaweza kufikia uamuzi wake yenyewe kuhusu kilichothibitika, huku ikikumbuka kwamba jaji wa kwanza aliwaona mashahidi kwa macho na yenyewe haikuwaona. Hiyo ni nafasi kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Lakini nafasi hiyo imo ndani ya maandishi, na swali linaloulizwa humo ni iwapo yaliyoandikwa yanathibitisha, bila kuacha shaka yoyote ya maana, kwamba mkono uliolishika lile panga ulikuwa wa kaka yako. Nani hasa alimuua jirani yenu ni swali pana zaidi, na rufaa hailiulizi.

Ndiyo maana watu wa msibani hawawezi kupelekwa tu mahakamani siku ya rufaa wakasimama na kusema. Mahakama ya Rufani ina uwezo wa kupokea ushahidi wa ziada kwa sababu ya kutosha, lakini huutumia kwa nadra sana, na huanza kwa kuuliza kwa nini ushahidi huo haukutolewa wakati wa kesi ilhali ulikuwepo. Majirani waliolala na kaka yako kwenye matanga walikuwepo tangu siku ya kwanza. Isitoshe, sheria inamtaka mshtakiwa anayedai kwamba hakuwepo eneo la tukio atoe taarifa ya utetezi huo mapema, na asipofanya hivyo mahakama ina hiari ya kutoupa uzito. Sitaki kukudanganya kwa kukufariji: upande huo wa utetezi umedhoofika, na naamini mtu fulani alipaswa kuwauliza kuhusu msiba ule kabla kesi haijaanza.

Hata hivyo, haujafa. Mshtakiwa hana mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa msibani, kwa kuwa mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa mlangoni pa marehemu uko kwa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, tangu mwanzo hadi mwisho. Mkipata nakala ya hukumu, tazameni kama jaji aliupima utetezi huo, hata kwa aya moja, kabla ya kuukataa, au kama alimaliza kuupima ushahidi wa Jamhuri, akaridhika kwamba kaka ana hatia, ndipo akataja kwa kupita tu kwamba utetezi hauna maana. Kutoupima kabisa utetezi wa mshtakiwa ni kosa, na Mahakama ya Rufani ikiliona huingia yenyewe kuupima.

Ushahidi ambao ningeutolea siku nyingi kuliko mwingine wote ni ule wa mjane na taa yake. Mahakama zetu zimesema mara nyingi, na uamuzi unaotajwa zaidi ni wa Waziri Amani dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1980, kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu kuliko zote, na kwamba mahakama isimtie mtu hatiani kwa huo mpaka iwe imeondoa kila uwezekano wa kukosea. Hilo halimfanyi mjane kuwa mwongo. Mtu mwema, mkweli, anayelia kwa uchungu wa kweli, anaweza kukosea uso aliouona kwa nukta chache usiku, huku damu ikimwagika mbele yake. Wakili anayesimama kumwita mjane mwongo, wakati kinachopaswa kuonyeshwa ni kwamba huenda alikosea, anaiharibu rufaa.

Sheria basi inauliza mambo madogo madogo, na majibu yake lazima yawe yameandikwa. Taa ya sola ilikuwa wapi: ndani, barazani, au ilining'inia mlangoni? Ilikuwa kubwa kiasi gani, na mwanga wake ulifika hadi alipokuwa mshambuliaji au uliishia kizingitini? Mjane alikuwa umbali gani, alikuwa amesimama au ndiyo kwanza anaamka kitandani, na kati yao palikuwa na nini? Alimtazama kwa muda gani? Mshambuliaji alikuwa amevaa nini, na alimwona uso au mgongo? Kusema tu kwamba taa ilikuwa inawaka vizuri hakutoshi, na nimesoma kumbukumbu ambazo taa, tegemeo zima la kesi, ilielezwa kwa maneno mawili tu, wala hakuna aliyeuliza zaidi, si wakili wa Serikali, si wa utetezi, si jaji. Pengo la namna hiyo haliwezi kuzibwa katika rufaa na upande wowote, na kwa sheria pengo hilo humnufaisha mshtakiwa.

Jamhuri itajibu kwamba mjane alimfahamu kaka yako kwa miaka mingi, na hoja hiyo ni nzito, kwa sababu kumtambua unayemjua ni rahisi kuliko kumtambua mgeni. Lakini kufahamiana kunasaidia pale tu mwanga na nafasi viliporuhusu kuona, na hata ndugu wa karibu wamewahi kufananishwa. Hapo ndipo jambo jingine linapokuwa na uzito mkubwa kijijini, nalo ni yowe. Mjane alipopiga yowe na majirani wakafika, alimtaja nani, na kwa nani? Shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema kabisa, kwa mtu wa kwanza anayefika, huipa kauli yake nguvu, na anayekaa kimya kuhusu jina alilokuwa nalo kichwani hadi kesho yake au hadi polisi wafike huifanya mahakama ijiulize. Kwa hiyo tafuteni katika kumbukumbu maneno ya mwenyekiti wa kitongoji, ya mgambo, ya jirani wa kwanza kufika. Ikiwa mmoja wao anasema aliambiwa wamevamiwa na watu wasiojulikana, mstari huo mmoja una thamani kuliko kurasa nyingi za malalamiko. Na ikiwa mtu wa kwanza kufika hakuitwa kabisa kutoa ushahidi, bila sababu iliyoelezwa, mahakama inaweza kudhani kwamba angesema jambo lisiloupendeza upande wa mashtaka.

Kwa upande mwingine, kuna sababu mbili ambazo familia huzipenda mno na ambazo ningezipa nafasi ndogo. Ya kwanza ni kwamba shahidi ni mke wa marehemu. Hakuna sheria inayomkataza ndugu kutoa ushahidi, wala inayotaka idadi maalumu ya mashahidi, na shahidi mmoja anayeaminika anatosha. Ya pili ni ugomvi wa shamba. Hoja hiyo hukata pande zote mbili, kwa kuwa ugomvi unaoweza kumfanya mjane amfikirie kaka yako kabla ya mwingine ndio huo huo unaoweza kumpa kaka yako sababu ya kuua. Ukiutumia, utumie kwa namna moja tu: kuonesha kwamba mtu aliyeona kivuli mlangoni, akijua kuna ugomvi, anaweza kukijaza kivuli kile na sura anayoitarajia. Hoja hiyo nayo isimame juu ya ushahidi wa mwanga, isisimame peke yake.

Na hapa niseme kwa uwazi kuhusu wazee wanaotaka kumfuata mjane. Msiende. Kesi ya mauaji ni ya Jamhuri, na mjane hana uwezo wa kuifuta hata akiwasamehe kwa moyo wote. Akibadilisha maneno leo, maneno aliyoyasema chini ya kiapo yatabaki kwenye kumbukumbu, na familia yenu itaonekana imemrubuni au imemtisha shahidi, jambo ambalo lenyewe ni kosa la jinai. Zaidi ya sheria, yule mama amemzika mumewe na bado anaishi jirani nanyi, na ujumbe wa wazee wa ukoo wa mtu aliyehukumiwa kwa kumuua mumewe, ukibisha hodi jioni, ni mzigo ambao hastahili kutwishwa.

Nirudi kwenye maelezo ya onyo. Hapa uwezekano ni mzuri, lakini unategemea mambo mawili ambayo barua yako haijayasema. La kwanza ni muda. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka mtuhumiwa ahojiwe ndani ya saa nne tangu awekwe chini ya ulinzi, na muda huo unaweza kuongezwa kwa utaratibu uliowekwa tu. Kuna muda ambao hauhesabiwi, kwa mfano ule wa kumsafirisha kutoka kijijini hadi kituoni, lakini siku mbili ni ndefu mno, na lazima kumbukumbu ioneshe zilikwendaje. Mara nyingi maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila maelezo ya kuridhisha huondolewa kwenye ushahidi. Sisemi daima, kwa sababu sheria hiyo hiyo inaiachia mahakama hiari ya kupima uzito wa ukiukwaji, kwa hiyo wakili wenu asiandike tu kwamba muda ulipita. Aoneshe, kwa kutaja ukurasa, saa ya kukamatwa na saa ya kuanza kuandika.

La pili ni kipigo. Je, wakati maelezo yale yalipotaka kupokelewa mahakamani, wakili wa utetezi alisimama akapinga kwamba hayakutolewa kwa hiari? Kama alipinga, jaji alipaswa kusimamisha kesi kubwa na kuendesha kesi ndani ya kesi, asikilize askari aliyeandika na asikilize kaka yako juu ya hilo peke yake, kisha atoe uamuzi wenye sababu. Ikiwa pingamizi lilitolewa na kesi ndogo haikufanyika, hapo pana kosa kubwa. Ikiwa hakuna aliyepinga na kipigo kikatajwa kwa mara ya kwanza wakati wa kujitetea, Mahakama ya Rufani itaelekea kukiona kama wazo la baadaye, hata kama wewe na mimi tunaamini kwamba kipigo kilikuwepo. Inaniuma kuliandika hilo, kwa sababu mtu aliyepigwa hajui ni dakika gani sheria inamtaka aseme. Katika hali zote mbili, kukiri ambako kumekanwa kunahitaji kutazamwa kwa tahadhari, na kwa kawaida mahakama hutafuta ushahidi mwingine wa kukuunga mkono, ingawa inaweza kumtia mtu hatiani kwa huko peke yake ikiridhika kwamba yaliyosemwa ni kweli tupu. Someni basi maelezo yenyewe, pole pole. Kama yana jambo ambalo muuaji pekee angelijua na ambalo ushahidi mwingine unalithibitisha, yatamuumiza. Kama yanarudia tu yale ambayo kijiji kizima kilikuwa kimeshayasema, au yanapingana na jeraha alilolieleza daktari, yataonekana yametungwa mezani.

Jambo dogo la utaratibu limewasaidia warufani wengi katika eneo hili. Kielelezo cha maandishi kikishapokelewa, lazima kisomwe kwa sauti mahakamani ili mshtakiwa ajue kilichomo, kama ilivyokaziwa katika uamuzi wa Robinson Mwanjisi na wenzake wa mwaka 2003. Kisiposomwa, kwa kawaida huondolewa kwenye kumbukumbu. Angalieni hilo kwa maelezo ya onyo, kwa ramani ya eneo la tukio, kwa hati ya kukamata panga, na kwa ripoti ya uchunguzi wa mwili. Lakini msishangilie kupita kiasi: ripoti ya daktari ikiondolewa, kifo bado kinaweza kuthibitishwa kwa maneno ya daktari mwenyewe na ya waliouona mwili, na katika kesi yenu hakuna anayebisha kwamba jirani aliuawa.

Kuhusu panga nitasema kwa ufupi. Panga ni chombo cha kila nyumba ya mkulima, na kukutwa jikoni kwa mama hakusemi lolote mpaka lifungwe na tukio. Je, lilipelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali likakutwa na damu, na damu ikalinganishwa na ya marehemu? Nani alilichukua, alimkabidhi nani, na lililala wapi hadi siku ya kesi? Nani mwingine anaingia jikoni humo? Ila kama kaka yako mwenyewe ndiye aliyewaongoza polisi hadi lilipokuwa limefichwa, uzito wake unabadilika kabisa, na wakili lazima ajue hilo kabla ya kuandika neno lolote.

Utasikia watu wakisema kwamba hukumu za mauaji hutenguliwa kwa sababu ya wazee wa baraza, yaani raia wanaokaa na jaji na kumpa maoni yao. Zamani ilikuwa kweli kwa kiasi kikubwa: jaji alilazimika kukaa nao, na asipowaelekeza ipasavyo juu ya mambo muhimu ya kisheria, mwenendo uliweza kubatilishwa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliondoa ulazima huo, kwa hiyo kutokuwepo kwao si hoja tena kwa kesi iliyosikilizwa baada ya hapo.

Huenda unajiuliza pia kama inaweza kuwa kuua bila kukusudia. Tofauti iko kwenye nia ovu, na kwa kuwa nia haionekani, mahakama huisoma kwenye vitendo: aina ya silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, maneno ya mshambuliaji, na mwenendo wake kabla na baada, kama uamuzi wa Enock Kipela unavyoeleza. Mauaji ya kijijini yanayotokana na kupigana kwa ghafla kilabuni, pigo moja la fimbo kati ya watu waliokuwa wakinywa pamoja, hupunguzwa mara kwa mara kuwa kosa la kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake huweza kufika kifungo cha maisha lakini humwachia jaji nafasi ya kupima. Panga, usiku, mlangoni pa mtu, mara tatu, kichwani na shingoni: hayo hayafanani na ugomvi wa ghafla, na sioni jaji atakayeyaita hivyo. Zaidi ya hapo, huwezi kusema kwa mdomo mmoja kwamba hukuwepo na kwamba ulipigwa na hasira ukiwa pale. Ushauri wangu ni kwamba rufaa isimame juu ya utambuzi na kukiri, isigawanyike.

Majaji wakikubaliana nanyi, watatengua hatia, watafuta adhabu, na wataamuru aachiwe mara moja isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Wakiona kesi iliendeshwa kwa dosari iliyoifanya isiwe kesi kisheria, wanaweza kuamuru isikilizwe upya, na hapo wakili awe tayari na kanuni ya uamuzi wa Fatehali Manji wa mwaka 1966, kwamba kesi hairudiwi ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Kesi ikirudiwa kweli, hapo ndipo watu wa msibani watapata nafasi yao, kwa hiyo andikeni leo majina yao na wanachokikumbuka, mweke karatasi hiyo salama. Wakiikataa rufaa, adhabu itabaki ile ile, kwa kuwa kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimwachii jaji adhabu nyingine kwa mtu mzima aliyepatikana na hatia ya mauaji. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema mwaka 2019 kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi, lakini tamko lililomruhusu mtu binafsi kutoka Tanzania kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo liliondolewa, na kuondolewa huko kulianza kufanya kazi mwaka 2020. Kitakachobaki hapa nyumbani ni maombi ya mapitio, yaani kuiomba Mahakama ya Rufani iutazame tena uamuzi wake, ndani ya siku 60, ambayo yana sababu finyu sana na si rufaa ya pili, na msamaha wa Rais chini ya ibara ya 45 ya Katiba.

Kumbukumbu ya rufaa itakapofika gerezani, kaka yako na akuruhusu upige nakala yote, hata kurasa zinazoonekana hazina maana. Kabla ya kusoma hukumu, nenda kwenye ushahidi wa mjane na uweke alama kila mahali neno taa lilipotajwa. Kisha nenda kwenye ukurasa ambao maelezo ya onyo yalipokelewa, usome wakili wa utetezi alijibu nini alipoulizwa kama ana pingamizi. Nitumie kurasa hizo kwanza, nami nitaanzia hapo.